Namna ya Kula Mishmishi Ukiwa Mbali na Bustani Yake

Katika nyumba niliyolelewa Mombasa, hakuna aliyeijua mishmishi kama tunda la kuchumwa juu ya mti. Tuliijua kama karatasi. Ilifika siku chache kabla ya mwandamo wa Ramadhani, imekunjwa na kufungwa ndani ya nailoni ya rangi ya machungwa, na sisi watoto tulipewa kipande cha ukingoni tutafune huku bibi akikata iliyobaki kwa mkasi na kuitia bakulini. Tuliiita kamardini. Kwamba karatasi ile tamu yenye uchachu ilikuwa imetokana na tunda lenye ngozi, nyama na kokwa, hilo halikutupitia akilini.

Tunda lenyewe nililiona mara ya kwanza Jebel Akhdar, Oman, nikiwa mtu mzima. Barabara ya kupanda huko inaanzia Birkat al-Mouz, na polisi walio kwenye kizuizi hawakupitishi bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Juu, kwenye mita 2,000 hivi, joto la Muscat linabaki nyuma kabisa. Watu wamejenga matuta ya mawe, ngazi juu ya ngazi, na maji ya mifereji ya falaji yanashuka kutoka tuta hadi tuta yakinywesha mikomamanga, mawaridi na miti ya mishmishi. Dereva wetu, Mmanga aliyezaliwa Unguja, alichuma moja akanipa: "Haya dada, ipasue kwa vidole, usitumie kisu." Ilikuwa ndogo, imezidi ndimu kidogo tu, ina vinyoya laini na mstari upande mmoja kama mshono. Niliibana kwenye mshono ule kwa vidole gumba viwili ikaachia, nusu huku na nusu huku, na kokwa ikabaki kavu katikati, haikung'ang'ania nyama hata kidogo.

Pwani yetu mti huu hauwezi kuzaa. Ni jamaa wa mwaridi, ndugu wa lozi na pichi, na unataka baridi ya kweli ya miezi kadhaa ndipo ujue kwamba majira yamepita na ni wakati wa kutoa maua. Kwa hiyo sisi wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam tunaila ikiwa kavu, na sioni kwamba hilo ni hasara. Tunda kavu limeondolewa maji yake. Kazi ya mpishi ni kuyarudisha taratibu, na kuamua yarudi na nini: sukari, chumvi na pilipili, au mchuzi wa mbuzi. Anayejua kuloweka ukwaju tayari ana nusu ya ujuzi huu.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Mishmishi kavu nyingi unazoziona madukani zimetoka Uturuki, na huko zimetoka hasa mkoa wa Malatya, mashariki ya nchi, ambao ndio mama wa mishmishi kavu duniani. Mkoa huo umepata mitihani. Tetemeko la Februari 2023 liliupiga, na Aprili 2025 baridi kali ya ghafla iliwaangukia wakulima wakati matunda yanaanza kufunga, ikaharibu sehemu kubwa ya zao. Ukishangaa kwa nini bei imepanda dukani kwenu, sehemu ya jibu iko huko.

Utakuta za aina mbili. Za kwanza ni za rangi ya machungwa inayong'aa, laini, za kuvutia macho. Rangi hiyo imehifadhiwa kwa moshi wa kiberiti upele, yaani dayoksaidi ya salfa, ambayo kwenye pakiti huandikwa E220. Za pili ni za kahawia, karibu rangi ya tende, zimekunjamana, na mtu asiyezijua atadhani zimeoza. Hizo zimekaushwa kwa jua peke yake. Mimi hununua za kahawia. Ladha yake ni nzito, ina harufu ya asali na guru, ilhali za machungwa zina uchachu zaidi na utamu mwepesi. Kwa kamusi ya jikoni kwangu, kahawia ni ya mchuzi na ya kutafuna, ya machungwa ni ya jemu na vinywaji vinavyotakiwa kupendeza machoni. Lakini nyumbani kwenu kama kuna mwenye pumu, nunua za kahawia tu, maana salfa inaweza kumbana kifua. Soma pakiti kila mara, hata kama muuzaji amekuhakikishia.

Bonyeza kabla ya kulipa. Mishmishi nzuri inabonyea kisha inarudi polepole. Ikiwa ngumu kama kokoto imekaa sana, japo bado inafaa kulowekwa. Ikiwa na unga unga, angalia vizuri: sukari iliyotoka nje ya tunda ni punje zinazoyeyuka ulimini, lakini nyuzi kama za buibui na vumbi la kahawia kwenye pembe za pakiti ni wadudu. Niliwahi kuletewa kilo mbili za hivyo kutoka duka moja la jumla, nikazigundua usiku wa kuamkia shughuli, nyumba imejaa wageni. Tangu siku hiyo napasua mbili tatu palepale dukani na kutazama ndani.

Jambo jingine la kujua: za Uturuki kwa kawaida ni tunda zima ambalo kokwa yake imesukumwa nje. Kwa hiyo ukila kumi, umekula matunda kumi, na sukari yake yote imo, maji tu ndiyo yametoka. Mwenye kisukari ahesabu kwa matunda, asihesabu kwa konzi.

Hatua ya 2: Loweka, wala usiharakishe

Osha mishmishi kwa maji ya vuguvugu mara mbili. Zitie kwenye bakuli la kioo au la udongo, mimina maji safi yazifunike na kuzidi kwa vidole viwili, funika, lala. Usitumie sufuria ya alumini kwa kulalisha kitu chenye uchachu.

Asubuhi zitakuwa zimevimba, ngozi imekunjuka, na maji yamekuwa ya dhahabu. Usimwage maji hayo. Humo ndimo harufu ilimohamia. Yanapikia, yanachanganyiwa juisi, au yananywewa hivyo hivyo na aliyeamka mwanzo.

Ukiwa na haraka, maji ya moto na dakika 40 yatazilainisha kwa nje. Kwa mchuzi inatosha, kwa sababu zitamalizia safari yao sufuriani. Kwa kinywaji haitoshi.

Hatua ya 3: Kamardini ya futari

Jina kamardini ni la Kiarabu, na maana yake ni mwezi wa dini. Nyumba yake ya asili ni Sham, hasa bustani za Ghouta zinazouzunguka mji wa Damascus. Matunda yaliyoiva sana hupondwa, huchujwa, na rojo lake humiminwa juu ya mbao zilizopakwa mafuta na kuachwa juani mpaka lishikane kama ngozi. Kisha hubanduliwa, hukunjwa na kufungwa.

Kwa pakiti ya gramu 400 utahitaji maji lita moja na nusu. Ikate kwa mkasi vipande vya ukubwa wa stempu. Ukipaka mkasi tone la mafuta hautanata. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uweze kutia kidole bila kukitoa mbio, ndipo umimine. Koroga mara moja, funika, acha usiku kucha, au angalau tangu asubuhi hadi alasiri.

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa miaka. Baada ya saa moja utaona kingo zimekuwa ute na maji yamegeuka rangi, utadhani imeyeyuka. Choma kipande kwa kijiko. Ndani bado ni ngozi ile ile. Ukiitia kwenye blenda sasa hivi utapata maji matamu yenye vijipande vidogo vinavyokwama kwenye koo la mtu aliyefunga siku nzima. Ingoje mpaka kipande kikikanyagwa na mwiko kisambae bila kubaki kiini.

Halafu saga, chuja kwa chujio la chai, na onja kabla hujagusa kopo la sukari, kwa sababu nyingi ya kamardini ya dukani tayari imetiwa sukari kiwandani. Mara nyingi inachohitaji ni kinyume chake: maji ya nusu ndimu, na chembe ya chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya maua ya machungwa kinainua harufu; maji ya waridi pia yanafaa, lakini nusu ya kipimo hicho. Tia barafu, au bora zaidi iache friji ipate baridi yenyewe, kwani barafu inaipunguza uzito. Mimina gilasini, juu nyunyiza lozi zilizokatwa. Inywewe baada ya tende na maji, kwa mafundo madogo. Ni nzito, na tumbo tupu halitaki kushambuliwa.

Iliyobaki, igeuze faluda ya kesho. Kwa kila lita moja koroga vijiko sita vya chakula vya konfuloa katika maji baridi kidogo, changanya, pika moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka ichemke na kushika mwiko, dakika tano sita. Mimina vibakulini. Ikipoa itaganda.

Hatua ya 4: Mchuzi wa mbuzi na mishmishi

Kuna watu watakaokuambia nyama na tunda tamu havikai chungu kimoja. Waulize pilau yao ina zabibu au haina. Waajemi, Wamoroko na Waislamu wa Cape Town wamepika hivi miaka mingi. Na Waparsi wa India, ambao Unguja iliwahi kuwa na jamii yao, wana mchuzi wa nyama wanaouita jardalu boti, unaoliwa ukiwa umefunikwa kwa viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti na kukaangwa hadi vikauke. Jardalu ndilo jina utakalosikia kwa maduka mengi ya Wahindi, kwa hiyo ukiuliza mishmishi na muuzaji akakutazama tu, jaribu neno hilo.

Twaa kilo moja ya nyama ya mbuzi yenye mifupa, ya mguu au shingo. Mishmishi gramu 200, za kahawia, zilizolowekwa usiku. Vitunguu maji vitatu vikubwa, thomu punje sita, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, nyanya mbili, mdalasini kijiti kimoja, hiliki nne, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, manjano nusu yake, pilipili manga, na zafarani kidogo kama unayo.

Kata vitunguu vyembamba, vikaange kwa mafuta au samli kwa moto wa wastani. Usiviache vikiwa vyeupe. Mchuzi huu unasimama juu ya vitunguu vilivyoiva rangi ya dhahabu iliyokolea, na hiyo ni dakika 20 za kusimama hapo na mwiko. Ukiona vinashika chini, nyunyiza maji kijiko kimoja, kwangua, endelea. Toa robo ya vitunguu hivyo, weka kando.

Tia thomu na tangawizi zilizotwangwa, kisha viungo vikavu, na harufu ikipanda tu tia nyama na chumvi. Igeuze mpaka ibadilike rangi pande zote. Nyanya zifuate. Zikishavunjika na mafuta kujitenga, mimina yale maji ya kulowekea mishmishi, ongeza maji mengine yafikie usawa wa nyama, funika, punguza moto. Mbuzi atataka saa moja na nusu, mkongwe hata mbili.

Mishmishi zisiingie mapema. Zikikaa sufuriani tangu mwanzo zitavunjikavunjika na mchuzi wote utakuwa jemu. Zitie nyama ikiwa imekaribia kuachia mfupa, zibaki humo dakika 20 bila kifuniko, na zafarani iliyolowekwa katika maji ya moto ifuate nyuma yake. Onja. Utamu ukizidi, siki kijiko kimoja au ndimu itausawazisha. Mimi napendelea pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, maana ukali wake unaukata utamu bila kuongeza uchachu. Vitunguu ulivyoweka kando virudi juu wakati wa kupakua.

Usiupeleke na wali wa nazi. Nazi ina utamu wake na viwili hivyo vitagombana. Wali mweupe unatosha, na mkate wa mofa ni bora kuliko vyote, kwa sababu unanyonya.

Hatua ya 5: Achari

Kila mtoto wa Pwani amekula achari ya maembe mpaka midomo ikawa myekundu. Mishmishi za machungwa, zile zenye uchachu, zinapokea mapishi hayo hayo vizuri sana, tena hazihitaji rangi.

Gramu 250 za mishmishi zikate vipande virefu, zimwagie maji ya moto kwa dakika 20, chuja. Katika sufuria pika sukari gramu 150 na maji nusu kikombe hadi ianze kunata kati ya vidole. Tia mishmishi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha pilipili ya unga, na maji ya ndimu moja. Koroga kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi, shira ishike kila kipande na chini pasibaki maji. Tandaza kwenye sinia, anika siku moja juani ukiwa umefunika kwa kitambaa chepesi. Huko Cape, Afrika Kusini, wana ndugu wa kitu hiki, mebos: mishmishi zilizotiwa chumvi, zikakandamizwa, zikakaushwa na kuvingirishwa kwenye sukari. Ukipita Cape Town zitafute.

Hatua ya 6: Ukibahatika kuipata mbichi

Hili ni kwa walioko Muscat, London, Toronto, au safarini. Msimu ni mfupi. Wamisri wana msemo wa kumwambia mtu kwamba jambo lake halitakuwa: kesho, kwenye mishmishi. Ukiziona sokoni leo, nunua leo.

Usidanganywe na wekundu wa shavu, huo ni wa jua tu na aina. Tazama rangi ya chini yake: ikiwa na ukijani, ilichumwa kabla ya wakati. Itakuwa laini ukiiweka mezani, itanukia kidogo, lakini sukari haitaongezeka tena baada ya kuchumwa. Nusa upande wa kikonyo. Isiyo na harufu hapo haina utamu ndani.

Nzuri kabisa uzile hivyo hivyo, zikiwa na joto la chumbani. Friji inaua harufu yake. Zile ambazo hazina ladha, na dukani Ulaya ndizo nyingi, usizitupe: moto unaziamsha. Zikate nusu, zipange kwenye trei uso juu, sukari kidogo, chembe ya hiliki, ziingie joko dakika 20. Au pika jemu. Kilo moja ya nyama yake bila kokwa, sukari gramu 600, maji ya limau moja, vilale pamoja usiku. Asubuhi chemsha kwa moto mkali katika sufuria pana, ukikoroga, dakika 20 hadi 30. Weka kisahani kwenye friza; dondosha tone juu yake, ngoja kidogo, lisukume kwa kidole. Likikunja uso, jemu imeiva. Hiyo ndiyo jemu ambayo watu wa Vienna huipaka chini ya chokoleti ya keki yao ya Sachertorte, na ukiionja utaelewa kwa nini hawakuchagua stroberi.

Hatua ya 7: Kokwa

Naomba hapa usome pole pole. Ukivunja kokwa ya mishmishi utakuta kiini kinachofanana kabisa na lozi. Kuna miti yenye viini vitamu, na kuna yenye viini vichungu, na vichungu vina amigdalini, ambayo tumboni hutoa sianidi. Hiyo ni sumu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitangaza mwaka 2016 kwamba mtu mzima akila zaidi ya viini vitatu vidogo kwa mkupuo mmoja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwa mtoto mdogo hata kimoja kinaweza kuzidi.

Mishmishi ndogo kavu zinazouzwa na kokwa zake, zile ngumu za rangi ya udongo, ni tamu mno zikipikwa kwa sukari. Lakini watoto hupenda kugonga zile kokwa kwa jiwe kama tulivyogonga za kungu. Zihesabu, zitoe mezani, zitupe.

Na mtu akikuletea viini hivyo vikiwa kwenye kichupa, akaviita vitamini B17, akasema vinatibu saratani, kataa. Hakuna vitamini hiyo, na saratani haitibiki kwayo. Mgonjwa aliyechoka na mwenye hofu husikiliza kila kitu, ndiyo maana aliye karibu naye inampasa kusema wazi.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Mishmishi kavu ziwe kwenye chupa inayofunga vizuri, mbali na jua, na kwa joto la Pwani mahali pake hasa ni friji. Zilizolowekwa zikae friji siku tatu nne, ndani ya maji yake. Kamardini iliyosalia baada ya Ramadhani ifunge upya kwa nailoni, kingo zote ndani. Mwaka ukizunguka itakuwa imeiva rangi, karibu kahawia. Kwa futari ya wageni fungua pakiti mpya. Ile ya zamani wakatie watoto vipande vya ukingoni.